Nilivyomfungia Mama Aikaeli Mionzi Gotini

Kabla mkono wangu wa kulia haujabaki na vidole vitatu, nilikuwa fundi redio. Nilisoma hadi kidato cha nne, na fizikia ndilo somo nililolipenda kuliko yote. Nilifanya kazi mjini Moshi miaka mingi, kisha nikarudi kihambani kwetu Machame, kwenye migomba, kahawa na ng'ombe wawili. Mke wangu, Mama Aikaeli, alisumbuliwa na magoti. Mimi nilikuwa na afya, tena nilikuwa na kiburi. Kiburi ndicho kilichoniondolea afya.

Siku moja, kwa muuza vyuma chakavu, niliona kopo la chuma zito kupita ukubwa wake. Ubavuni lilikuwa na alama ya mapanga matatu, imefutika nusu.

"Hiyo ni ya feni, mzee," muuzaji akaniambia.

Nilimcheka moyoni. Mimi niliijua: alama ya mionzi. Asiyejua angeliacha palepale. Mimi niliyejua nusu nikalibeba nyumbani.

Nililikata kwa msumeno wa chuma katika banda langu la kazi. Ndani mlikuwa na kipande king'aacho, kidogo kama punje ya kahawa. Nikakishika kwa vidole. Hakikuwa na joto wala harufu. Nilikiweka juu ya filamu ya kamera iliyofungwa karatasi nyeusi, katikati nikalaza ufunguo. Filamu iliposafishwa, kivuli cha ufunguo kikaonekana. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata alama zote.

Kisha nikawaza: hospitalini wanatibu saratani kwa mionzi. Ikiwa inaua saratani, itashindwaje na baridi ya magoti?

Nikakifunga kwa kitambaa gotini kwa mke wangu.

"Hii ni dawa gani tena, Profesa?"

"Ya kisasa. Tulia."

Alikaa nacho akimenya ndizi za mchana. Zilipoiva, alikifungua akanirushia. "Meku, mzee wangu, hata joto hakina! Maji ya moto yana faida zaidi."

Dharau yake hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Siku hiyo nilitapika mpaka nyongo. Nikasingizia maziwa. Baada ya wiki mbili hivi, kidole cha shahada na cha kati vilivimba, vikawa vyekundu, vikatoa malengelenge. Ngozi ilichubuka kama ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto, halafu usaha ukaanza. Maumivu yale sijui niyafananishe na nini. Zahanati waliponiuliza kilichoniunguza, nilijibu, "Asidi ya betri." Niliona aibu, fundi mzima.

Goti la mke wangu nalo likatoa doa jekundu, doa likawa kidonda. Tulimpeleka hospitali kubwa. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alikiangalia kwa muda mrefu.

"Bibi, jipu hili silielewi. Linakula kwenda ndani. Likifika kwenye kiungo, itabidi tuzungumzie kukata mguu."

Mama Aikaeli hakulia. Aligeuka akanitazama. Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa koti. Nikautoa.

"Daktari, lile si jipu," nilisema. "Na hii si asidi."

Nilimweleza yote. Aliuliza mambo mawili tu: "Kiko wapi sasa? Nani mwingine amekigusa?"

"Kwenye kopo la chai, bandani. Hakuna mwingine."

"Babu, usirudi huko."

Wataalamu walikuja na vipimo vyao, wakaondoa kila kitu, majirani wakitazama kutoka mbali. Mimi nilikatwa vidole viwili. Mke wangu alitolewa ngozi ya paja ikapandikizwa gotini, na baada ya miezi mingi mguu ukapona. Anatembea kwa mkongojo, lakini kwa miguu yake miwili.

Namshukuru Mungu, na namshukuru daktari yule ambaye hakunitukana. Wewe unayesoma, ukiiona alama ile usiguse. Ondoka, kawaambie wahusika. Kama umekwisha gusa, sema siku hiyohiyo. Kidonda cha mke wangu kilichimba wiki zote nilizoficha mkono mfukoni.

Tuliporudi nyumbani, Mama Aikaeli alisema nami maneno ya lazima tu. Kwetu anayeomba msamaha hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, na anayepelekewa hakatai. Nilikata moja kwenye ua. Fundo likanishinda. Nilijaribu kwa mkono wa kushoto, nikajaribu kwa meno.

Nikasikia mkongojo nyuma yangu.

"Siku hizi unakula isale, Profesa? Kama mbuzi?"

"Ni lako. Nimeshindwa kulifunga."

Alininyang'anya lile jani, akalifunga fundo kwa vidole vyake kumi, akalikaza vizuri. Halafu akanirudishia.

"Haya," akasema, akisimama wima. "Sasa nipe."

Nikampa.