Udongo wa Siku ya Sabato

Jumamosi, tarehe 4 Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya kulowesha bila kelele. Harufu ya udongo mwekundu imeingia mpaka chumbani, na kila ikiingia mimi huwa mtoto tena kule Macalder, miaka ya tisini, niko darasa la pili, nimevaa viatu vya kanisani vinavyobana vidole. Sikusoma sana, msomaji wangu. Nikiyapanga vibaya, nivumilie.

Baba alichimba dhahabu pamoja na Marwa, Mkuria wa Ntimaru. Marwa alikuwa Mkatoliki, siku yake ya kupumzika ni Jumapili. Baba alikuwa Msabato kama sisi, lakini Jumamosi moja alishuka shimoni. Alisema jiwe limeanza kuonyesha rangi, na jiwe halijui kalenda. Sisi watoto tukacheka. Mama hakucheka.

Tulikuwa katikati ya wimbo, mwanamke mmoja wa kuponda mawe akaingia kanisani na vumbi lake. "Shimo limewafunika," akasema.

Mzee Okelo, mzee wa kanisa, akafunga kitabu cha nyimbo polepole. "Nyar Rongo," akamwambia mama, maana alizaliwa Rongo, "bwanako nilimwonya. Mungu ameshika kila kitu, hata udongo. Amempiga. Tukae tuombe."

Mama akajifunga leso kiunoni. "Kama ameshika udongo, Mzee, aendelee kushika. Mimi naenda kuutoa."

Aliutoa kwa karai hadi kucha zikavuja damu na gauni jeupe likawa rangi ya shimo. Wanawake wa kanisa wakamfuata mmoja mmoja, wengine wakiwa wamevua viatu vyao vizuri na kuviweka mbali na matope. Na niseme haki: Mzee Okelo pia alikuja. Alivua koti, akalikunja, akanipa nilishike, akavuta kamba mpaka viganja vikachubuka, huku anaomba kwa sauti. Kama ni maombi yaliyosaidia au ni kamba, mpaka leo sijui, na sitaki kumdhulumu.

Alasiri baba akatolewa. Mguu ulikuwa umevunjika, lakini alipumua. Kisha wakamtoa Marwa, na Marwa hakupumua.

Mama akafungua leso yake akamfunika. Nikamtazama Mzee Okelo, nikingoja aeleze. Aliyevunja sabato alikuwa analia pale chini kwa maumivu, na yule ambaye haikuwa sabato yake ndiye aliyefunikwa.

"Nilisema upesi mno," Mzee akasema.

"Ulisema," mama akajibu. "Sasa shika upande wa miguu, tumbebe."

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile mama aligombana na Mungu. Nimezeeka kidogo ndipo nikaona, kama naona sawa, kwamba hakumwacha hata hatua moja. Alikataa tu kumsingizia.

Baba alibebwa hadi nyumbani juu ya mlango, kungoja gari la kwenda hospitali. Kaka yake Marwa, aliyechimba shimo la jirani, alikuja kuketi nasi. Jua lilikuwa bado halijazama, sabato haijaisha, na mama, aliyechota udongo sabato nzima, akakataa kuwasha jiko.

"Tumbo linaweza kungoja," alisema. "Mtu shimoni hawezi."

Tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa Ijumaa, ya baridi. Kaka yake Marwa hakula, lakini alipakuliwa wa kwanza.