Mabati ya Nyumba Yangu na Pikipiki Isiyowaka

Ndugu mhariri, kata jina langu kabisa. Huku kwetu nakala moja ya gazeti husomwa na soko zima la Katito, kisha hufungiwa omena, dagaa wetu wa ziwani, na anayenunua omena naye husoma.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, kifungua mimba kwa baba yangu. Nina mke na watoto, na kazi ya mikono ambayo sitaitaja kwa sababu tunaoifanya hapa ni wachache. Lakini mpaka leo naishi ndani ya simba, ile nyumba ndogo ambayo kijana hujenga karibu na lango la baba yake akingoja kuwa mtu mzima. Kwa mila yetu, siku ya kuhama baba ndiye anayekuongoza mpaka kwenye kiwanja chako, na jogoo, shoka na moto, na nyumba inasimamishwa siku hiyo hiyo. Mdogo wako hawezi kutoka kabla yako. Akitoka amekuruka, na jambo hilo watu hawalifanyii hata mzaha.

Mabati ya nyumba hiyo ninayo. Yamelala chini ya kitanda changu. Mengine nilinunua mimi, mengine aliyaleta mdogo wangu Odhiambo, moja moja, kila alipotoka Usenge kuuza omena. Hakuniambia kwa nini ananisaidia. Hakukuwa na haja.

Sasa kuna mjane mmoja upande wa Sondu, nitamwita Mama Rose. Marehemu mumewe aliacha pikipiki ya Kiingereza, ya zamani, tangi jeusi kama sufuria ya matanga. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa tunaisikia ikipanda kutoka mtoni, na mwalimu ananyamaza mpaka ipite, maana hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Haijawaka tangu mwenyewe aanze kuugua. Imeegemea ukuta wa jikoni, na kuku hutaga kati ya injini na ukuta, tena ni mkali ukimsogelea.

Nilipomuuliza Mama Rose bei, alicheka.

"Pesa sitaki, baba. Pesa mashemeji watakuja kukopa. Nipe mabati. Bati likishapigiliwa juu, nani atakopa?"

"Mabati mangapi?"

Akainua macho akatazama nyasi za paa lake, zilizooza. "Ya nyumba nzima. Na uniletee kabla ya mvua."

Nilimpeleka fundi mmoja wa Kibuye aitazame. Akasema pistoni imeganda, na spea za pikipiki hiyo hakuna anayeleta tena. "Hii, mzee, kila kitu utachonga mwenyewe. Utazeeka nayo." Alidhani ananitisha.

Nikaanza kupita pale na chupa ya mafuta ya taa. Nafungua plagi, namimina kidogo, nangoja, nakanyaga kiki. Mama Rose hunitazama akichambua mboga. "Unanywesha maiti," ananiambia. Lakini wiki iliyopita nilikanyaga kwa uzito wangu wote na ile kiki ikashuka, upana wa kidole. Nilikaa chini pale pale karibu na kuku. Sijamwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza.

Nyumbani walijua kwa harufu. Mke wangu alinusa shati.

"Baba Akinyi, siku hizi unanuka taa. Huyo mwanamke anakupikia kwa stovu?"

Nikamweleza ukweli wote, pamoja na mabati.

"Afadhali ungesema ni mwanamke," akasema. "Mwanamke ningejua pa kuanzia. Sasa mvua ikinyesha tutaingia ndani ya tangi?"

Kesho yake Odhiambo alikuja. Si mtu wa makelele. Alisimama mlangoni akachungulia chini ya kitanda, kama anayesalimia mabati yake.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "miti yangu ya nyumba imeliwa na mchwa mara mbili ikikungoja. Sijasema kitu. Nimesema?"

"Hujasema."

"Kama ni pikipiki tu unataka, ningekusaidia kuisukuma mpaka hapa. Lakini umetafuta Nyakach yote, ukapata kitu kisichotoka mahali pake. Kama wewe."

Aliondoka. Kilichoniuma ni kwamba hakukasirika. Alisema kama anayesoma saa.

Na baba naye. Jogoo wa kwanza aliyenichagulia alizeeka tukamla Krismasi. Wa pili aliibwa. Sasa anafuga wa tatu, anamfunga mguu mwenyewe, na miguu yake mwenyewe imevimba. Jioni moja aliniita.

"Miguu hii imebakisha safari moja," akaniambia. "Nataka iwe ya kukupeleka wewe. Usinifanye niende mahali pengine kwanza."

Wasomaji, msinione mjinga. Najua mabati yale si yangu peke yangu. Najua watoto wa Odhiambo wanalala wamebanana kama omena zilizoanikwa. Lakini tangu nizaliwe, kila ninalofanya kuna mtu nyuma yangu anangoja nimalize ili naye aanze: kuoa, kujenga, hata kupanda mahindi. Pikipiki ile ndicho kitu cha kwanza ambacho mimi ndiye ninayekingoja. Na imesogea. Kidole kimoja, lakini imesogea, na mikono iliyoisogeza ni hii.

Mawingu yameanza kukusanyika juu ya ziwa. Mama Rose ametuma mtu kuuliza. Baba hajauliza, ila asubuhi nilimkuta anatembea polepole kutoka mlangoni kwake mpaka langoni na kurudi, jogoo kwapani. Nilidhani ameshikwa na uzee. Baadaye nikaelewa kwamba anafanya mazoezi.

Semeni nami kama ndugu zangu, hata kama ni kwa ukali. Niyatoe mabati haya chini ya kitanda, ndiyo. Lakini nikifika langoni, nishike njia ipi?