Waraka Uliofukizwa Ubani

Kabla Mtaliano hajafika, babu yake Mwanaharusi alipeleka waraka kisiwani Chula akiwa safarini Kismayu. Mkewe hakujua kusoma. Alipoona herufi za Kiarabu akadhani ni dua, akawa anaufukiza ubani kila Ijumaa. Alipokufa, binti yake, mama yake Mwanaharusi, akaendelea.

Mwaka Mtaliano alipopandisha bendera Kismayu, Mwanaharusi aliamua kuusoma. Kurani alikwisha kuihitimu, lakini waraka haukuwa na irabu, na mwandiko ulikuwa nyayo za kaa. Akaanza na salamu, ambazo alizijua kwa ghibu. Humo akazitambua herufi za babu, akazifuata mstari kwa mstari. Kumbe babu alikuwa akiungama: papa mkavu aliyepotea jikoni, alimla yeye.

Mama yake alicheka hata akashika mbavu. “Maskini, na paka alifukuzwa.”

Ijumaa ile ubani ulifukizwa vilevile, na paka wa nyumba akapewa kichwa cha changu.