Sungura wetu dume alipobalehe, binti yangu akamwokoa na sufuria

Wakuu, nawasalimu kutoka Bujumbura, huku Kanyosha. Haya yametokea ndani ya nyumba yangu na chumvi sijaongeza. Atakayecheka acheke, ila asome mpaka chini.

Nina binti, Zulfa, yuko darasa la nane. Mjomba wake alimpa sungura mdogo dume, mweupe, akamwita Pamba.

Mwanzoni Pamba alikuwa mpole mno. Anabebwa, analala mapajani, anakula majani mkononi.

(Najua kwetu sungura ni kitoweo. Ukimfuga salo, yaani sebuleni, watu wanakuona umechanganyikiwa. Tuendelee.)

Alipofikisha kama miezi minne, akageuka.

Akawa anatuzunguka miguuni huku anakoroma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Anapanda kandambili za watu, mnaelewa ninachosema. Anarusha mkojo ukutani, anasugua kidevu kwenye kila kiti kama anaweka mhuri. Ukimshika, anang'ata.

Siku moja akarusha mkojo kwenye mswala wa mama yangu. Mama tunaishi naye, mtu wa swala tano, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutawadha.

"Huyu munyama ameingiwa na shetani," mama akasema. "Juma hii ndugu wanakuja. Anaingia mu sufuria."

Mama akisema, kwangu imekwisha. Nikajua Zulfa atalia tu.

Hakulia, wakuu.

Aliomba simu yangu, akakaa anasoma na kutazama video. Kesho yake tukiwa tunakula, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, Pamba haiko mubaya. Amebalehe. Ni homoni zinamusumbua. Anatafuta jike, na ule mukojo ni kusema hapa ni kwangu."

"Kwake? Hii nyumba alijenga babu yako!"

"Bibi, unakumbuka kaka Rashidi alipoanza kuota ndevu? Alikuwa anapigiza kila mulango, anajibu watu vibaya. Tulimuchinja?"

Rashidi, kaka yake, alikuwa palepale na tonge mdomoni.

Mama akajikaza asicheke. Akashindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi na mtandio.

"Haya. Unataka tumufanye nini?"

"Tumupeleke kwa veterineri, ahasiwe. Homoni zitashuka."

Nikawapeleka mjini. Veterineri, yaani daktari wa wanyama, mama mmoja mtaratibu, akatuambia wazi kwamba ameshahasi mbwa na paka wengi, sungura ni wachache, na dawa ya usingizi inaweza kumuua. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Zulfa.

Zulfa akauliza, "Asubuhi nilimupa majani kama kawaida, kwa sababu nilisoma sungura hashindishwi njaa kabla ya operesheni. Nilikosea?"

"Hukukosea," veterineri akajibu. "Sungura hatapiki, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu." Kisha akaacha kuongea na mimi kabisa. Maelezo yote akampa mtoto.

Pamba akahasiwa, akaamka salama, ila tulipofika nyumbani akagoma kula. Veterineri alikuwa ameonya kuwa sungura asipokula, tumbo linasimama, na hapo unampoteza. Zulfa akaponda chakula chake na maji, akawa anamlisha kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kama alivyoelekezwa. Usiku ukaingia, haachi. Mama yangu ndiye aliyekuwa anamshikilia Pamba ndani ya taulo.

Asubuhi, baada ya alfajiri, nikasikia kelele:

"Baba! Amekunya! Baba, amekunya!"

Wakuu, nimewahi kupokea habari njema maishani. Hii imo kwenye zile za juu.

Kutulia hakukuja mara moja. Ilichukua wiki kadhaa hadi homoni zimalizike mwilini, na muda huo Zulfa alimweka mbali na majike ya majirani, kwani dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa muda. Mkojo ukakoma ukutani, kung'ata kukaisha. Kidevu bado anasugua. Tumemsamehe.

Juzi mama alikuwa na wenzake wa darasa la dini. Nikapita, nikasikia mmoja wa mtaa wa Buterere analalamika dume lake la sungura linang'ata watoto, anataka kulitupa.

Mama akamkatiza. "Usitupe. Kwanza ongea na mujukuu wangu. Yeye ni munganga wa sungura."

Kisha akaita kwa sauti ya mtaa mzima, "Dokteri Zulfa! Kuja hapa, kuna mugonjwa!"

Nilisimama koridoni kifua kimejaa, wakuu. Sikuweza kuingia.

Nilichojifunza: mnyama akibadilika ghafla, tafuteni kwanza mwili wake unapitia nini. Na mtoto akiwaambia "nimesoma", msikilizeni mpaka amalize.

Wenye madume ya sungura, yenu yalianza vituko yakiwa na umri gani? Mlifanyaje? Andikeni hapo chini, Dokteri anasoma kila comment.