Mwanamke Asiyekuwa kwenye Orodha ya Boti

Sina faida ya kuwadanganya. Mtu akitunga uongo hujipa ushujaa, walau kidogo. Katika habari hii mimi nimejaa woga na kichefuchefu tu. Kwa hiyo ni kweli. Na kama mlizoea kuambiwa kwamba wafu hutoka usiku, mnisamehe: huyu wangu alitoka saa tatu asubuhi, jua likiwaka juu ya Ziwa Kivu, watu wakila mikate.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi cherehani wa Kadutu, mtaa wa Bukavu. Cherehani iko mlangoni, kitanda kiko nyuma ya cherehani, na kati ya vitu hivyo viwili nimeishi miaka mingi bila kulalamika. Mke wangu husema nikifika sokoni tu naanza kuona hamu ya nyumbani. Goma nilikuwa sijaiona hata siku moja. Sasa mdogo wangu akawa anaoza binti huko, na mimi ndiye baba mkubwa, ningefanyaje? Shemeji yangu alikuwa ameshakata tiketi ya boti, kisha akapata kazi dakika ya mwisho, akanipa mimi ile tiketi. Akasema nipande tu na jina lake, nani ataniuliza?

Hapa kwetu nani hajafanya hivyo? Tiketi hutoka mkono huu ikaenda mkono ule, na karani bandarini anaandika kwenye manifesti, ile orodha ya abiria, jina analolikuta kwenye karatasi. Uso hautazami. Asubuhi ile nikawa shemeji yangu. Ni mtu mrefu, mwenye kifua. Nilijisikia kama nimevaa koti lake, mikono inanining'inia.

Mke wangu alikuwa amenifungia maharage, nami kwa woga nikayala yote kabla boti haijang'oa nanga. Msifanye hivyo. Tulipopita mkabala na kisiwa cha Idjwi maharage yale yalitaka kurudi Bukavu bila mimi.

Mwanamke aliyekaa karibu yangu ndiye aliyenihurumia. Alikuwa wa makamo, kitenge safi, na amevaa jile yake, lile koti la kuelea, kamba zote zimefungwa kama inavyopaswa. Mimi yangu nilikuwa nimeikalia, kwa sababu benchi ilikuwa ngumu.

"Papa, jile haiko muto ya kukalia," akaniambia. "Vaa."

Nikavaa. Akanihamisha katikati ya benchi, akasema huku pembeni ndiko kunakotikisika zaidi. Akanikataza kutazama maji ya karibu, nitazame milima. Akaniuliza kama sina hata kipande cha tangawizi, akanicheka niliposema nina chapati. Hakuna mtu aliyewahi kunitunza hivyo nje ya nyumba yangu. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, kumbe kusafiri si kubaya, mke wangu asije akasikia.

Ndipo akaniuliza jina. Nami, kwa utani, nikatunisha kifua na kutaja jina la shemeji.

Hakucheka. "Ile jina haiko yako," akasema. "Batu ya kwako banajua uko mu jina ya nani?"

Nikamjibu kwamba mke wangu anajua, na shemeji mwenyewe anajua. Akaniuliza, boti ikipinduka, shemeji atasema? Au ataogopa? Watu wawili nyuma yetu walikuwa wanabishana kuhusu mpira, nami ghafla nikatamani kubishana nao.

Akaanza kunieleza, taratibu, kama mtu anayesimulia habari ya sokoni. Anaitwa Nsimire, ni wa Kalehe. Alipanda boti ya mbao, miaka sita iliyopita, na tiketi ya rafiki yake Furaha. Boti ikajaa kupita kiasi, upepo ukaja, ikapinduka. Orodha ilisema Furaha. Furaha akakutwa jikoni kwake, mzima, akipika. Wakafuta jina, wakafunga hesabu. Na Furaha akaogopa watu wasije wakasema amemuuza rafiki yake kwa maji, kama kafara, maana mnajua jinsi watu wanavyosema. Akahamia Uvira, akanyamaza.

Nikampa pole. Nikamwambia Mungu alimpenda, ndiyo maana akatoka.

"Sikutokaka, papa," akasema.

Niaminini, jua lilikuwa linawaka. Mtoto wa mtu alikuwa analilia biskuti. Nami nilikuwa nimekaa pale, kitenge chake kinagusa suruali yangu, na nilihisi baridi ya kitambaa kilichotoka kufuliwa.

Aliendelea, haraka sasa. Mama yake anaamini alikimbia. Majirani walisema amefuata wanaume wa dhahabu huko machimboni Luhwindja, akamtelekeza mtoto wake wa kike wa miaka tisa. Yule mtoto amekua akiambiwa hivyo. Kumbe siku ile alikuwa anaenda Goma kumnunulia mtoto huyo gauni la komunyo ya kwanza.

"Nilimupima na kamba," akasema. "Fundo ya mabega, fundo ya kiuno, fundo ya urefu. Nikamuambia ni muchezo. Wewe uko fundi, utajua kuvisema. Uende kwa mama."

Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni fundi. Fikirini hapo.

Nilisimama, nikaenda kwa karani wa boti huku nikishikilia migongo ya watu. Ni yule yule aliyetuandika bandarini, mzee wa miwani. Nikamwomba afute jina la shemeji aandike langu. Nikalitaja lote, hata lile la ubatizo nisilolipenda. Halafu nikasema, kwa sauti isiyo yangu, kwamba kuna mwingine hayumo kwenye orodha. Nsimire.

Hakuinua kichwa. "Ulipanda na jina ya mutu," akasema. Nikakubali. Akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, akanionyesha: Nsimire, Kalehe. Nsimire, Kalehe. Nsimire, Kalehe. Mara tatu, kwa tarehe tofauti. "Balikuwa batatu, uko wa ine. Bote banakuja hapa na kutetemeka. Bakifika Goma, banakunywa, inaisha. Hakuna mwenye alifikaka kwa ule mama."

Nilimuuliza kwa nini yeye mwenyewe asiende. Akavua miwani, akaifuta. Akasema anaogopa kuliko wao, maana yeye ndiye aliyeandika orodha ya ile boti ya mbao, siku ilipopinduka.

Niliporudi kwenye benchi hapakuwa na mtu. Palikuwa na jile tu, imesimama wima, kamba zote zimefungwa, tumbo limejaa kama kuna mwili ndani. Nikaikazia macho mpaka ikaanguka ubavu, polepole.

Harusini nilicheza vibaya kuliko kawaida. Na wakati wa kurudi, mimi ambaye sokoni tu ni mbali kwangu, nilishukia Kalehe. Miguu ilinisihi nisishuke. Nikauliza njia, nikafika.

Mama yake Nsimire alinipa kiti, akanidhania ni mtu wa kanisa. Binti, sasa mrefu wa miaka kumi na mitano, alikuwa anachambua mboga, hanitazami. Nilisema yote vibaya, nikiruka huku na kule. Mama akaanza kukunja uso. Akaniuliza Nsimire amenituma kutoka Luhwindja na bwana gani. Ndipo nikataja kamba. Mabega, kiuno, urefu.

Binti akaacha mboga.

"Alinipimaka," akasema. "Aliniambia ni muchezo. Sikuambiaka mutu."

Mama akasogeza kiti chake karibu nami. Kisha akaniuliza neno moja tu, kama maji yale yalikuwa baridi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi hakutukimbia." Akalisema tena, akimgeukia binti, na safari hii akalia.

Matanga yalifanyika wiki ile, bila mwili, na misa ikasomwa kwa jina lake. Majirani waliomsema walikuja kukaa kwenye mikeka, vichwa chini, na mama akawapa chai wote. Karani naye, habari zilipomfikia, alikuja. Alikaa nje, karibu na njia, mpaka binti akamletea kikombe.

Nsimire sijamwona tena, ingawa nimepanda boti mara mbili tangu hapo, mke wangu haamini macho yake. Lakini kuna kitu kimenibaki: mtu akiniita kwa jina lisilo langu, hata kwa kukosea, hata mteja, mwili wangu unapoa na ninalisahihisha palepale. Wananiona nina maringo. Sawa.

Basi wewe unayesoma, cheka uwezavyo, lakini siku ukishuka bandarini usile maharage, usikalie jile, na jina lako liandikwe, lote, mbele ya macho yako. Karani akikuharakisha, simama hapo hapo. Wa nyuma wapige kelele. Kwa sababu ziwa likikasirika, kuna mtu nyumbani atakayeanza kuhesabu siku, na atahitaji kujua kama akulilie au akuchukie.