Breki Isiyochora Mstari

Mwishoni mwa mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka, na Lubumbashi ikapata habari kwamba kuna watu mbali sana wanaoweza kufunga mgodi bila kuinuka kitini. Mashimo yalibaki palepale na mawe yakabaki na ukijani wao. Kilichoondoka ni wazungu. Waliondoka kwa ndege kutoka Luano, wiki baada ya wiki, wakiacha mbwa, majokofu, ahadi na, mara moja, pikipiki.

Pikipiki hiyo alipewa Sylvain Mwenze, aliyekuwa amemwendesha mhandisi mmoja kwa miaka minne kwenye njia ya mgodi wa Kinsevere. Asubuhi ya safari mhandisi alitia saini karatasi za umiliki juu ya boneti ya gari, akamkabidhi ufunguo pamoja na kitabu cha maelekezo chenye kurasa mia mbili na kumi kwa Kifaransa safi, akamwomba aitunze kama mtu anayemwachia jirani paka wake. Kisha akaingia ndani ya uwanja wa ndege. Alasiri hiyohiyo Sylvain alirudisha gari la kampuni, akarudisha na kofia ngumu, akawa hana kazi.

Haikuwa pikipiki ya kubebea magunia. Kiti chake cha ngozi kilikuwa chini karibu na ardhi, usukani umepindia nyuma kumfuata mpandaji, pa kuwekea miguu pako mbele kabisa, hivi kwamba mtu hakuipanda bali alijipumzisha juu yake. Silinda zake mbili zilikuwa kila moja na ukubwa wa sufuria ya kusongea bukari, ugali wa huko, ya watu wanane. Komini ya Kenya, sehemu ya mji walikoishi, iliitazama siku moja, ikaipa jina: Fotei. Mtaani hakuna aliyewahi kumiliki fotei ya kweli, kiti cha kifahari namna ile, hata wenye nyumba za ghorofa.

Mkewe, Germaine, aliuza makayabo, samaki wa chumvi, katika soko la Kenya. Tangu Krismasi samaki hao ndio waliokuwa wakilisha nyumba, na Germaine hakulisema hilo hata mara moja, jambo ambalo Sylvain aliliona zito kuliko kama angelisema. Yeye alisugua Fotei. Alikuwa amesoma sura nzima ya utunzaji wa ngozi, akakipaka kiti mafuta ya nazi ya mkewe. Sura ya breki aliiruka. Marehemu baba yake alikuwa mkaza-breki wa reli, mtu wa kupanda juu ya mabehewa na kuzungusha gurudumu la chuma kwa mikono miwili. Mtoto wa mtu kama huyo hafundishwi breki na kitabu.

Wakati huo Papa Jérémie, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo ambaye Germaine alichukua samaki kwake, alianza kupitapita mbele ya lupango, ua wa nyumba yao. Umeme ulikatika kila siku, na kinu chake cha mahindi kilikuwa kimelala. Aliizunguka Fotei mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayechagua mbuzi.

"Papa Sylvain, hii moteur iko na nguvu ya kusaga bunga ya komini muzima," alisema. "Mimi ningekata tu hapa na hapa. Kiti utabaki nayo."

"Nibaki na kiti ya nini, Papa Jérémie?"

"Ya kukaa."

Germaine, aliyekuwa anapanga samaki kwenye beseni, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa hesabu fupi. Kinu kinachosaga kilikuwa kitu cha maana, na Fotei ilikuwa kitu kinachokunywa mafuta. Lakini mumewe alikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni, na alilitoa jioni hiyo, akiangalia pembeni. Jumapili ya mwisho ya Februari padri angebariki jubilee za ndoa, na yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano. Mwaka wa 1984 walikwenda kanisani kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Safari hii alitaka ampeleke juu ya Fotei.

Germaine alimaliza kwanza kupanga samaki.

"Papa Glodie, sikiya," alisema, akimwita kwa jina la binti yao kama siku zote. "Nitapanda. Nikifika ku kanisa na kikwembe yangu safi, iyi kitu yako itabaki, na sitaizungumuza tena. Nikichafuka, hata tone moja ya potopoto, kesho yake, lundi, Papa Jérémie anakuja na funguo zake za kufungulia moteur. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, Mama Glodie."

"Na uache mafuta yangu ya nazi."

Basi Sylvain akaanza mazoezi. Jumamosi moja alitoka na Fotei mbele ya gereji ya Ngosa, fundi wa pikipiki, watu wakiwa wamejipanga pande zote mbili, akaikimbiza mita mia na kubana breki kwa nguvu zote. Kipini cha breki kikamtetemekea vidoleni, trrr, kama kuku aliyeshikwa miguu. Fotei ikasimama wima. Watu wakaenda kutazama lami, wakarudi wakiwa na sura za kwenye kilio.

Inafaa kueleza kwamba katika gereji za Kenya breki haipimwi kwa kusimama. Hupimwa kwa mstari. Fundi akimaliza kazi hukimbiza pikipiki, hubana, kisha humwita mteja aje auone mstari mweusi ambao tairi limeuchora barabarani. Mstari mrefu, fundi hodari. Kuna mistari mbele ya gereji ya Ngosa aliyowaonyesha wageni kwa miezi kadhaa, akitaja na tarehe.

"Mstari iko wapi?" aliuliza Ngosa kwa upole, kama daktari. "Freni ya muzuri inaandika, Papa Sylvain. Iyi yako haiandike. Na inatetemeka. Iyi iko na homa."

"Kule mbele kuna taa imeandikwa ABS. Inawaka ukianza, kisha inazimika."

"Njo ugonjwa wenyewe. Inaanza kuwaka, inakosa nguvu."

Ngosa alifungua kifuniko cha pembeni, akachomoa fyuzi moja ndogo, akaitia mfukoni. Sasa taa ikagoma kuzimika. Akaibandika utepe mweusi. Sylvain akaikimbiza tena, akabana tena, na nyuma yake ukatoka mstari wa mita kumi na moja, mnene, mweusi, ulionyooka. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alivuka barabara kwa kuuzunguka, asiukanyage. Sylvain alirudi nyumbani akiwa mtu aliyepona.

Mvua ilinyesha Jumanne. Ilinyesha kama inavyojua kunyesha Februari, nusu saa ya hasira kisha jua, na barabara ya soko ikabaki na ngozi ya udongo mwekundu juu ya lami. Sylvain alikuwa anakuja taratibu mno, karibu na mwendo wa baiskeli, mwanamke mwenye gunia la makaa kichwani alipoingia njiani. Akabana. Gurudumu la mbele likaacha kuzunguka, na kuanzia hapo usukani ulikuwa pambo tu: aliuzungusha kushoto, Fotei ikaendelea mbele, aliuzungusha kulia, ikaendelea mbele. Kisha ikalala ubavu, bila haraka, na kuteleza pamoja naye hadi miguuni pa mwanamke yule, ambaye aliwatazama wote wawili bila kushusha gunia.

"Papa, unalala apa?" aliuliza.

Nyonga yake ilikuwa imechubuka, kioo kimoja kimevunjika, na suruali haikuwa tena na rangi inayojulikana. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alimkuta Germaine mlangoni na maji ya moto kwenye beseni. Na Papa Jérémie alikuwa amekwisha kuja kutoa pole. Alitoa pole kwa dhati, akauliza kama mfupa ni mzima, na alipohakikishiwa kwamba ni mzima akatoa utepe wa kupimia mfukoni na kwenda kupima injini.

Kwa siku mbili Sylvain hakuweza kukaa, kwa hiyo alisoma akiwa amesimama. Alianza na sura aliyoiruka. Kuhusu ABS, kitabu kilisema kwamba kila gurudumu lina kifaa kinachohesabu mizunguko yake. Gurudumu likitaka kuganda, breki yenyewe inaachia, inashika, inaachia, mara nyingi kwa sekunde moja, ili tairi liendelee kuzunguka na mpandaji aendelee kuwa na usukani. Kilikiri kwa uungwana kwamba kwenye changarawe mtu anaweza kuhitaji nafasi zaidi ya kusimama, na kwamba kifaa hakibadilishi akili ya mpandaji. Kisha, katika ukurasa wa tisini na nne, ndani ya kisanduku: *mtetemo unaosikika kwenye kipini ni wa kawaida.*

Alisoma sentensi hiyo mara tatu. Akamkumbuka baba yake, aliyeweza kusikia treni ikipita mbali, usingizini, na kusema: mtu ameua gurudumu. Maana behewa likikazwa hadi gurudumu linagoma na kuburuzwa juu ya reli, chuma kinapata ubapa, na tangu siku hiyo kinagonga tak, tak, tak, kutoka Lubumbashi hadi Kamina, ili kila mtu ajue jina la aliyekaza. Kwa hiyo wakaza-breki walikaza, wakaachia kidogo, wakakaza tena, usiku kucha, mpaka viganja vikawa kama mbao. Baba yake alikuwa amefanya kwa mikono, miaka thelathini na moja, kazi ambayo mwanawe alimlipa Ngosa soda ili aiondoe.

Alhamisi alikwenda gereji akichechemea.

"Nipe fyuzi yangu."

Ngosa hakuwa nayo. Fyuzi ilikuwa ndani ya redio ya teksi moja, ikicheza muziki vizuri tu. Walimsubiri mwenye teksi mpaka saa tisa.

"Papa, utapoteza mstari," Ngosa alisema akiirudisha, kwa huzuni ya kweli.

"Mstari, baba yangu alikuwa anapigiwa kelele juu yake."

"Kwenye lami?"

"Kwenye reli."

Ngosa alifikiri kidogo, akabandua utepe. Taa ya ABS ikawaka, ikazimika. "Homa imerudi," alisema.

Jumapili ilianza na mvua, kama ilivyotarajiwa na wote waliokuwa na maoni. Ilipokatika, Germaine alitoka na kikwembe cheupe chenye maua ya buluu, kilemba cha aina hiyohiyo, na viatu alivyoviweka kwenye mfuko. Hakutazama barabara. Alikaa nyuma ya mumewe kwa upande, mikono yote miwili kiunoni mwake, mshiko wa mtu anayebeba gunia lisilo lake.

"Enda," alisema. "Polepole iko bule. Enda kama vile ulisema inaweza."

Alikwenda. Udongo mwekundu ulikuwa palepale, mbichi. Walipita soko, walipita gereji ambako Ngosa alisimama na kanzu yake ya misa, na walikuwa wameanza kuteremka kuelekea parokia wakati basi dogo lilipotoka kando ya barabara bila ishara, likasimama katikati ili kushusha mtu na kuku wake.

Sylvain alibana kwa vidole vyote. Kipini kikatetemeka, trrr, na safari hii hakukishuku, akaendelea kubana. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Usukani, alipouomba, ulikubali. Fotei ilipunguza mwendo, ikapinda kidogo kulia, ikapita kandokando ya dimbwi, ikasimama wima hatua mbili kutoka kwenye mlango wa basi. Yule mtu alishuka na kuku wake, akawasalimu, akaenda zake.

Kisha Sylvain alihisi mikono kiunoni mwake ikilegea.

"Inatetemeka," alisema Germaine.

"Ni ya kawaida. Iko mu kitabu."

"Weye pia ulitetemeka siku ya ndoa, mbele ya padri. Mama yangu alisema uko na malaria." Alikung'uta kikwembe, ambacho hakikuwa na kitu cha kukung'utwa. "Twende. Tunachelewa."

Mbele ya kanisa Papa Jérémie alikuwa amewatangulia, na gunia la unga kama zawadi, maana alikuwa mtu mwema kila aliposahau kinu chake. Alimtazama Germaine akivaa viatu, kutoka kilemba hadi pindo, kwa makini ya mnunuzi. Hakuona tone.

"Kwa hiyo lundi…" alianza.

"Lundi njoo unywe chai, Papa Jérémie. Moteur, utafuta kwingine."

"Hata kama nikiongeza…"

"Hata."

Germaine akageukia mlango wa kanisa. Kengele ilikuwa imelia. Wanawake wa chama chake walikuwa bado wanafika, kwa miguu, wamejishika nguo mpaka magotini, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewaona wakija. Germaine alilipima jambo hilo. Akavua viatu, akavirudisha kwenye mfuko, akapanda tena nyuma ya mumewe.

"Papa Glodie, zunguka mara moja," alisema. "Pitia ile njia yao."

Sylvain alizunguka. Padri alisubiri.