Senti Kumi ya Shimo la Kando

Kwa miaka mingi, mtu wa Isiolo akipata sarafu ya zamani alimpelekea Mzee Dabasso aikague, fundi wa shanga wa karibu na soko la mifugo. Halafu Koome, muuza miraa, akanunua lenzi yenye taa, akaanza kukagua sarafu hatua kumi tu kutoka pale. Watu wakahama. Dabasso akabaki kutazama migongo yao, roho ikimuuma.

Siku moja Nasteha, mama wa maziwa, alitoka kwa Koome akaja kwake.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Leo umenikumbuka? Ama ile taa imezima?"

"Wacha hasira, mzee wangu. Hii ni senti kumi ya marehemu mama. Koome anasema shimo la katikati lilienda kando huko kiwandani, na kuna watu wanatafuta kama hii kwa bei kali, mradi haijakwaruzwa. Lakini Koome ni wa juzi. Nataka kukusikia wewe."

Dabasso alizungusha ukucha kwenye shimo. Akina mama wa huku huleta sarafu zitobolewe ili wazivae na shanga, na shimo la fundi hukata herufi, likaacha makali. Hili ukingo wake ulikuwa laini, umeinuka pande zote. Kosa la kiwanda kabisa. Maisha yake yote hakuwahi kushika kama hilo, na Koome alikuwa ameliona kwanza!

"Ni fundi alitoboa," akasema. "Huyo Koome anatafuna miraa mpaka macho yanaona maajabu."

Nasteha hakubisha. "Basi toboa lingine hapa juu, nimvalishe mjukuu. Wewe hujawahi kunidanganya."

Dabasso akaibana sarafu, akashika drili ya mkono. Kule, Koome alikuwa amesimama, lenzi mkononi, akiwatazama. Drili ikazunguka mara moja. Vumbi la shaba likatoka, jekundu, kidogo kama chumvi ya kuonja.

Mkono ukakataa.

"Nasteha, hili shimo si la fundi."

"Si umesema sasa hivi?"

"Nilisema. Rudi kwa Koome. Mwambie..." Akaifungua sarafu, akamrudishia. "Mwambie ameona vizuri."

Nasteha aliigeuza sarafu kwenye jua.

"Na hii alama mpya hapa juu, nimwambie ni ya nani?"

"Mwambie," Dabasso akasema, macho chini, "hiyo ni yangu."